Filimbi yangu inamezwa na kelele za baa. Ninunue ipi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni Mtanzania, kwetu ni Moshi, lakini naishi Galway, magharibi mwa Ayalandi, ambako nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia ndiye aliyenifundisha kupuliza filimbi ya bati, hii ndogo yenye matundu sita ambayo watu wa huku wanapigia muziki wao wa asili. Nimeipenda kupita kiasi. Nikitoka kazini nimechoka, nikiipuliza nusu saa tu mwili unarudi.

Jumapili jioni huwa nakaa na wapigaji wengine kwenye baa moja hapa mjini. Hakuna jukwaa wala maikrofoni. Tunakaa kuzunguka meza ya pembeni: wapiga fidla, akodioni, banjo, na mmoja wa ngoma ya bodhrán. Mmoja anaanzisha wimbo, anayeujua anaingia, wote tunapiga wimbo uleule kwa pamoja. Saa moja na nusu jioni mambo ni mazuri. Ikifika saa tatu usiku baa imefurika, watu wanaongea kwa kupaza sauti, televisheni ya mpira iko juu, na mimi sijisikii kabisa. Nikipanda kwenye noti za juu angalau najua niko wapi. Nikishuka chini, nimepotea. Vidole vinacheza lakini sauti siipati. Basi naongeza pumzi. Hapo noti zinaniruka, na mpiga fidla aliye karibu nami ananitazama kwa jicho la pembeni.

Filimbi yangu ni ya D (ndiyo noti yake ya chini kabisa), ya bei ya chini, bomba la shaba na kichwa cha plastiki. Nimeweka akiba ya euro 100. Mmoja ananiambia nunua Susato, ile nyeusi ya plastiki. Mwingine anasema tafuta ya alumini yenye bomba pana. Wa tatu anasema kelele si kazi yangu, nifanye mazoezi tu. Mwezi ujao nimealikwa pia kupuliza nyimbo mbili kwenye harusi ya Mtanzania mwenzetu Dublin, kutakuwa na bendi na spika kubwa. Na nyumbani mke wangu anafanya zamu za usiku, analala mchana, na kuta za huku ni nyembamba.

Ninunue ipi, Mwalimu?

Mpuliza filimbi, Galway

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifunza ala ya watu unaoishi nao. Umeeleza dalili zote vizuri, mpaka lile jicho la mpiga fidla, na hizo dalili ndizo zitakazotuambia ununue nini.

Huyo wa tatu anayesema ufanye mazoezi tu anakuonea. Sauti ya filimbi ya bati haikuzwi kwa pumzi. Tarumbeta ukiipuliza kwa nguvu inanguruma, fidla ukiikandamiza upinde inapaza sauti. Filimbi haiko hivyo. Hewa yako inapita kwenye mfereji mwembamba kichwani, inatokea kwenye dirisha, inagonga ule ukingo mkali ulio mbele yake, na hewa iliyo ndani ya bomba inaanza kutetemeka. Ukiongeza kasi ya pumzi, kinachobadilika kwanza ni noti yenyewe: inapanda kidogo juu ya mahali pake. Ukizidi kuongeza, inaruka oktava nzima, yaani noti ileile lakini ya ngazi ya juu. Sauti inakua kidogo sana ukilinganisha na uharibifu huo wa noti. Kwa hiyo ukubwa wa sauti ya filimbi umeshaamuliwa na aliyeitengeneza, kwa upana wa bomba, ukubwa wa dirisha na umbo la ule mfereji. Wewe unapopuliza kwa nguvu ili ujisikie, unachopata ni noti zilizopanda, na mwenye fidla ndiye wa kwanza kuumia kwa sababu anapiga noti ileile sekunde ileile.

Sasa tazama noti zinazopotea ni zipi. D ya chini kabisa kwenye filimbi yako inatetemeka kama mara 587 kwa sekunde. D ya katikati ni kama 1,175, na ya juu kabisa ni kama 2,349. Mazungumzo ya watu, kwa upande wake, yana nguvu yake kubwa karibu na mitetemo 500 na yanaendelea kuwa mazito mpaka kwenye 1,000 hivi. Yaani baa iliyojaa watu imekalia palepale ilipo oktava yako ya chini. Oktava ya juu iko nje ya msongamano huo, na isitoshe sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwa mitetemo ya kati ya 2,000 na 5,000, kwa hiyo hata filimbi ya bei ya mkate inapenya ikiwa juu. Ndiyo maana ukipanda unajisikia na ukishuka unapotea. Wewe husumbuliwi na filimbi yenye sauti ndogo kote. Unasumbuliwa na filimbi isiyo na nguvu chini.

Nakusisitizia hili kwa sababu filimbi nyingi zinazosifiwa kuwa na sauti kubwa zinapata sifa hiyo kwa kupiga kelele juu. Mtu anaipuliza dukani, anapanda mpaka B ya juu, masikio yanamlia, anasema hii ndiyo. Akifika baa, D ya chini inamezwa vilevile, ila sasa kila akipanda anaichana meza nzima. Ukinunua ya aina hiyo utakuwa umelipa pesa kuongeza kile ambacho hukupungukiwa.

Nguvu ya chini inatokana hasa na bomba. Bomba jembamba linapenda kuruka juu: oktava ya pili inakuja kwa pumzi kidogo, ya chini inakuwa nyembamba na ukiisukuma kidogo tu inavunjika. Bomba pana linashikilia noti za chini, linakuruhusu uziegemee kwa pumzi kabla hazijaruka, na sauti yake chini ni nene. Gharama yake ni pumzi nyingi zaidi na kazi ya kusukuma noti za juu kabisa. Filimbi nyingi za D za bei ya kawaida zina upana wa ndani wa milimita 12 hivi. Milimita moja ya ziada utaisikia, na mapafu yako yatajua pia. Kwa mtu anayepiga rili, zile nyimbo za dansi za Ayalandi za mwendo kasi, ambazo hazina mahali pa kupumulia isipokuwa uibe noti, bomba pana sana ni mateso. Kwa hiyo simuungi mkono moja kwa moja huyo anayekutuma kwenye alumini pana. Zipo zinazosifika kwa nguvu, kama Chieftain za Phil Hardy, na ni ala nzuri, lakini zinataka mtu aliyezizoea na zinakula pumzi. Mtengenezaji Colin Goldie wa Ujerumani, aliyejifunza kwa Bernard Overton, anafika mahali pa kumuuliza mteja anataka mfereji wa pumzi laini, ya kati au ngumu. Hapo ndipo utaona kwamba kwa watengenezaji wenyewe, ukubwa wa sauti ni suala la kufanana na mapafu ya mnunuzi. Na bei za Goldie, kama za Burke wa Marekani, zinaipita akiba yako kwa mbali.

Hukumu yangu, kwa hizo euro 100: nunua Susato ya D, ile yenye kichwa kinachosogea, na ubaki na sehemu ya pesa zako. Inatengenezwa Marekani kwa plastiki ngumu, sauti yake ni kubwa na iliyonyooka, chini inasikika, haina kutu, na ikianguka sakafuni kwenye baa huna haja ya kulia. Watakaokuambia sauti yake haina ladha wana hoja. Haina ule ukwaruzo mtamu wa shaba na hewa kidogo unaosikika kwenye filimbi za kienyeji. Nakubali. Lakini ukwaruzo huo hauvuki meza saa tatu usiku. Kumbuka tu kwamba mtengenezaji huyo ana mabomba ya upana tofauti kwa noti hiyohiyo ya D, kwa hiyo muulize muuzaji unayoshika ni ipi, na uanze na jembamba ili pumzi ikutoshe. Kichwa kinachosogea ni lazima. Filimbi inapopata joto noti zake hupanda, takriban asilimia tatu ya nusu toni kwa kila digrii moja, na baa iliyojaa watu ina joto kuliko barabara ya Galway ulikotoka. Bila kichwa cha kusogeza, utakuwa juu ya wenzako hata ukipuliza kwa adabu.

Usinunue kwa kutazama picha. Umo Galway, mji wenye muziki mpaka mlangoni, kwa hiyo ingia dukani na mwenzako mmoja, akupe mgongo na akae hatua kadhaa mbali, kisha puliza filimbi mbili tatu bila kumwambia ipi ni ipi. Anza na D ya chini, ishike mpaka pumzi iishe. Iegemee polepole: filimbi nzuri kwa kazi yako itakuachia nafasi ya kuisukuma kabla haijapasuka kwenda juu. Shuka kwa haraka kutoka G mpaka D, E, D, maana hapo ndipo nyimbo nyingi zinapokaa na ndipo unapopotea. Halafu funga tundu la pili na la tatu, acha mengine wazi, usikie ile C ya kawaida kama imekaa sawa, kwa sababu nyimbo za G zinaihitaji kila mstari na kwenye filimbi nyingine hukaa vibaya. Weka simu yenye tyuna (programu ya kupima noti) mbele yako, upulize A ya chini kwa upole kisha kwa nguvu. Mshale ukikimbia sana, hiyo filimbi itakugombanisha na fidla. Mwisho muombe mwenye duka akuwashie redio kwa sauti, urudie zile noti za chini. Jaribio hilo la mwisho ndilo linalokuhusu zaidi, na wanunuzi wengi hawalifanyi.

Lakini kabla ya kwenda dukani, Jumapili hii hii, hama kiti. Nazungumza kwa uzito. Kila umbali unapopungua kwa nusu mahali pa wazi, sauti inaongezeka desibeli 6 hivi, na hakuna filimbi ya euro 100 itakayokupa ongezeko hilo juu ya uliyonayo. Kaa kona ambapo kuta mbili zinakutana nyuma yako, ukiangalia ndani ya mzunguko. Jiepushe na ubavu wa akodioni. Hewa yake inasukumwa na mivukuto, si mapafu, na itakuziba upande mmoja usiku kucha. Kaa karibu na fidla, kwa sababu kama tatizo lako ni kujua uko wapi, mtu anayepiga noti hizohizo ukiwa karibu naye anakuonyesha njia. Kisha angalia unavyoishika. Wapulizaji wengi wanaoanza wanainamisha kichwa, ncha ya filimbi inaingia kwenye mapaja, dirisha linatazama kifua, na koti la sufi linanyonya sauti yote. Inua kidevu. Acha dirisha lione watu na ncha iwe hewani juu ya meza.

Sikio moja liwekee kizibo, lile linaloelekea kwenye watu. Filimbi imeshikwa na midomo yako, kwa hiyo mtetemo wake unakufikia pia kupitia mfupa, na sikio lililozibwa linausikia vizuri zaidi kuliko lililo wazi kwenye kelele. Waimbaji hufanya hivyohivyo kwa kidole. Nunua vile vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuizima. Na kwa afya yako pia: sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu kelele kazini inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vizuia kelele pale wastani wa siku unapozidi desibeli 80, na ahakikishe wanavivaa ikifika 85. Wewe baa hujaajiriwa, lakini sikio ni lilelile, na dirisha la filimbi liko shibiri moja kutoka kwake.

Hiyo ya zamani usiitupe, ina dawa. Vua kichwa cha plastiki (kikigoma, kitie kwenye maji ya moto kidogo, gundi italegea), kigeuze, utaona chini ya sakafu ya mfereji wa hewa kuna uwazi mtupu. Uwazi huo unaisumbua hewa palepale inapotakiwa kutulia. Chukua ule udongo laini wa kubandikia mabango ukutani, jaza uwazi mpaka usawa wa sakafu, usawazishe kwa kijiti, hakikisha hata punje haijaingia kwenye mfereji wala dirishani. Rudisha kichwa. Noti za chini zitakuwa imara zaidi na za juu zitaacha kukwaruza. Haitageuka kuwa tarumbeta, lakini ni kazi ya dakika chache na wapulizaji wazoefu wengi huifanya kwenye filimbi mpya siku waliyoinunua.

Jambo jingine linaloua sauti bila watu kujua ni maji. Pumzi ya joto ikikutana na kichwa baridi, unyevu unatanda kwenye mfereji, na filimbi inaanza kukohoa kwenye noti za chini. Wengi hudhani ni kelele za baa. Weka filimbi mfuko wa ndani wa koti tangu nyumbani, na ikiziba, ziba dirisha kwa kidole upulize pumzi moja kali. Tone la sabuni ya vyombo kwenye maji kidogo, ukiyapitisha kwenye mfereji na kuyaacha yakauke yenyewe, yanasaidia maji yasisimame.

Ukishapata Susato yako, kuwa mwangalifu nayo wiki za mwanzo. Mzunguko ule si jukwaa. Wimbo ni mmoja na wote mnaubeba. Mtu mmoja akisikika juu ya wote, wenzake wanaacha kufurahia, na hakuna atakayekuambia usoni, watahama meza. Unatafuta kujisikia na kusikiwa na walio mezani. Wateja walioko kaunta wakitazama mpira hawakuja kwa ajili yako, na kadiri mtakavyopaza, nao watapaza zaidi. Ndivyo watu wanavyofanya penye kelele bila kujua. Kama yupo mpuliza filimbi mwingine, muombe mkae pamoja. Wapulizaji wa kwela, muziki wa filimbi wa Afrika Kusini, waliokuwa wakipiga barabarani Johannesburg miaka ya 1950 katikati ya magari na watu, walipambana na kelele kwa wingi: filimbi kadhaa zilikuwa zikirudia kipande kimoja, na mmoja juu yake akicheza apendavyo. Mpuliza filimbi maarufu Spokes Mashiyane alitokea humo. Waliigeuza filimbi pembeni mwa mdomo kupata sauti nene. Mtindo huo usiupeleke baa ya Galway, kwa sababu unashusha noti, lakini huo wingi wao uige, mradi nyote wawili mmepatanisha vichwa vya filimbi zenu kabla ya kuanza.

Kuhusu mkeo, anastahili kulala. Nunua Clarke kwa sehemu ya pesa iliyobaki. Robert Clarke alianza kuzitengeneza Uingereza mwaka 1843, na ile ya asili mpaka leo ni bati lililokunjwa, pana juu na jembamba chini, na kipande cha mti kichwani. Sauti yake ina hewa nyingi na ni ya upole. Huko baa haitakufaa, lakini chumbani ndiyo mahali pake. Siku ambazo hata hiyo ni nyingi, bandika kipande chembamba cha plasta ya karatasi kikifunika sehemu ya dirisha. Sauti itashuka sana, noti nazo zitashuka kidogo, na kwa mazoezi ya vidole hilo halina madhara. Usitumie Susato ndani ya nyumba ya watu waliolala.

Imebaki harusi ya Dublin, na huko mashauri yangu yanageuka. Usipeleke Susato. Penye maikrofoni na spika, sauti kubwa ya filimbi haikusaidii kitu. Itaibana maikrofoni na kuwatoboa wageni masikio. Peleka ile ya shaba uliyoitengeneza kwa udongo. Mwambie fundi mitambo akupe maikrofoni ya kawaida ya mwimbaji, uisimamishe kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye filimbi, ikitazama kati ya dirisha na mkono wa juu. Sauti ya filimbi haitoki mwishoni mwa bomba tu, kama wengi wanavyodhani. Inatoka hasa dirishani na kwenye tundu la kwanza lililo wazi. Ukiweka maikrofoni mbele kabisa ya dirisha utasikia upepo, kwa hiyo iwe juu kidogo na pembeni. Muombe fundi akate mitetemo yote ya chini ya 400. Filimbi yako haina kitu chochote chini ya 587, hivyo hapotezi noti hata moja, na anaondoa mivumo ya ngoma na besi inayoingia kwenye maikrofoni yako. Muombe pia apunguze kidogo makali ya juu na aongeze mwangwi mdogo. Spika moja iwe inakutazama wewe, la sivyo yatakupata yaleyale ya baa.

Na mpigie simu mpiga kinanda wiki hii, usisubiri siku yenyewe. Filimbi ya D inapiga D na G bila shida, pamoja na E ndogo na B ndogo. Bendi nyingi za harusi hupanga nyimbo kwa kufuata koo la mwimbaji, na ukifika ukakuta wimbo uko E flati utakosa noti nyingi za kupuliza. Mtajie nyimbo zako mbili, muombe aziweke D au G. Kinanda chake kina kitufe cha kuhamisha, ni kazi ya sekunde moja. Kama mwimbaji hawezi kabisa kuimba hapo, uliza wanaimba wapi na ununue filimbi ya bei ya chini ya noti hiyo. Zipo za E flati, za C na za B flati.